Mikono ya Melania

Mimi mtoto wa mtu simkandi kwa haraka. Wapo wakandaji hapa Ujiji, majina yao nayahifadhi, wanaomshika kichanga kama wanakamua shuka. Wanamvuta pua ichongoke, wanamning'iniza kichwa chini miguu juu, halafu wanapokea sabuni yao na kwenda nyumba ya pili. Mtoto akilia wanasema anakua. Hakui, analia tu. Bibi yangu mzaa mama, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa akisema mtoto hanyooshwi, anaulizwa. Unaweka kiganja chenye mafuta ya uvuguvugu kwenye unyayo wake, unatulia, na yeye mwenyewe atakuonyesha kama yuko tayari. Akiukunja mguu, ngoja. Akiulegeza, endelea. Nimefanya hivyo miaka thelathini na zaidi.

Nayasema haya mapema ili msije mkadhani nilikuwa mbumbumbu. Kosa nililomfanyia Melania sikulifanya kwa kutojua kazi. Nililifanya kwa kuijua mno, na kwa kujiona.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Burundi ilichafuka mwezi wa kumi, na kabla mwezi haujaisha ziwa lilikuwa linatuletea watu kila siku. Mwezi wa kumi na moja kila nyumba mtaani kwetu ilikuwa na wageni, wengine hata hawakujulikana ni wa nani. Gervasi alibisha mlangoni kwangu mchana wa mvua, kijana mrefu, shati limemgandia mwilini, na nyuma yake mkewe kajifunika kitenge kichwani. Walikuwa wametokea upande wa Nyanza-Lac.

"Shikamoo Mama. Tumeambiwa una chumba," alisema.

Chumba nilikuwa nacho, cha uani, ila tangu mume wangu afariki nilikuwa naweka kuni. Nilitaka kumjibu hivyo hivyo, kwamba humo wanalala kuni. Kisha nikaliona tumbo la mkewe. Miezi minane, na limeshashuka. Nikaenda kutoa kuni.

Gervasi alipata kibarua mwaloni Katonga, kubeba makreti ya dagaa kutoka mitumbwini na kuanika. Alikuwa mtu wa salamu, mpole, Kiswahili chake kizuri ila Kirundi kilikuwa kinachungulia. Melania hakuwa na maneno. Ukimsalimu anaitika, ukimpa chakula anapokea kwa mikono miwili, halafu basi. Mwanzoni nilidhani ana maringo. Mtu kakimbia kwao hana hata sufuria, nilijisemea, na maringo kayabeba. Gervasi ndiye aliyeniambia, siku moja akisaidia kuchota maji, kwamba walikuwa na mtoto mwingine, Feliksi, wa miaka mitatu, akawafia njiani. Akainua ndoo akaondoka. Mimi nami sikuuliza. Waliofiwa njiani mwaka ule walikuwa wengi, nikaona kuchokonoa si adabu.

Mtoto alizaliwa Desemba, wa kike, salama salimini. Nilimpokea mzazi kutoka zahanati, nikampikia uji wa pilipili manga, nikamfunga mkaja tumboni, na kesho yake asubuhi nikaanza kazi yangu. Kwanza nilimkalisha Melania kitako nikampa utaratibu wa nyumba, kama ninavyowapa wazazi wote.

"Siku arobaini," nilimwambia, "mikono yako usiitie kwenye mafuta. Kumkanda mtoto si kazi yako. Mikono yako haifai kwa mtoto, bado."

Ndivyo bibi yangu alivyosema, ndivyo nami ninavyosema, maneno yale yale. Wazazi wa Ujiji wakiyasikia hucheka. Wanajua maana yake ni walale, wasinyanyue ndoo, wasisonge ugali, wasikande. Mzazi wa hapa ana mama, ana shangazi, ana wifi wa kutaniana naye; ukimkataza kazi anajua anaengwa, anatunzwa. Melania hakucheka. Aliitazama mikono yake, juu na chini, akaiweka mapajani.

"Ego, Mama," aliitikia, ndiyo ya kwao. "Najua."

Nikafurahi. Nikasema hata kwao mila hii ipo.

Basi tukaenda hivyo. Kila asubuhi nilianza na mama. Maji ya moto yenye majani, kitambaa kinene, mgongo, kiuno, mapaja, tumbo likishikwa kutoka chini kwenda juu mpaka lirudi mahali pake. Migongo ya wazazi naijua. Siku tatu za kwanza ni migumu, ya nne inaanza kulegea, ya saba mzazi anasinzia mikononi mwako na kukoroma. Mgongo wa Melania siku ya saba ulikuwa mgumu vilevile, na siku ya kumi na tano pia. Nilizidisha maji, nikazidisha nguvu, nikaona labda ni ubao wa boti alioukalia wakivuka ziwa.

Halafu mtoto. Natumia mafuta ya mise, yale meusi meusi yanayotoka kwenye kokwa za mchikichi, si mawese mekundu ya kupikia. Nayapasha kwenye kibati juu ya makaa, najaribisha kwenye kiwiko changu. Nanyoosha miguu yangu mkekani, namlaza mtoto juu ya miundi, uso wake unanitazama. Naanza na nyayo. Kutoka hapo napanda mapajani, taratibu. Tumbo nalizungusha kwa kiganja, kutoka kulia kwake kwenda kushoto, kisha namkunja magoti yaguse tumbo, na hapo kama ana gesi utaisikia mwenyewe, huna haja ya kuambiwa. Mikono namkumbatisha kifuani, mmoja juu, mwingine chini, nabadilisha. Mwisho namgeuza kifudifudi na kumteremka mgongoni kutoka shingoni hadi makalioni.

Mtoto yule alikuwa mwepesi wa kuelewa. Wiki ya kwanza alikuwa akikunja ngumi usiku kucha na mchana kutwa, analia mpaka anakuwa mwekundu. Wiki ya pili akishasikia harufu ya mafuta anatulia kabla hajaguswa. Alikuwa akikandwa anaoga, akitoka kuoga analala muda wa saa tatu, akiamka ananyonya vizuri. Zahanati walimpima wakasema ameongezeka kuliko walivyotarajia kwa mtoto wa mkimbizi. Nilitembea kurudi nyumbani kama niliyezaa mimi.

Na hapo ndipo penye maneno.

Mimi sina mtoto. Nilibeba mimba tatu. Mbili hazikufika, wa tatu aliishi siku tisa. Nimekanda watoto wa watu tangu nikiwa msichana, na siku ya arobaini na moja kila nyumba hunishukuru na kunifungia mlango, maana kazi imekwisha. Sikulaumu mtu. Lakini wale wote walikuwa na mama zao. Mimi nilikuwa wa nusu saa ya asubuhi. Huyu alikuwa wangu kutwa. Melania alikuwa anamnyonyesha mtoto akiwekewa kifuani. Akishashiba, anamweka kwenye mkeka na kugeukia ukutani. Kumbadilisha nepi alimbadilisha kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika kikombe cha watu anaogopa kukivunja. Hakumwimbia. Hakumpa jina. Gervasi akirudi jioni anambeba kidogo, ananuka dagaa, mtoto anapiga chafya, basi anamrudisha. Viganja vizima vilivyomgusa mtoto yule hapa duniani vilikuwa vyangu.

Siku ya thelathini, mwenyekiti wa mtaa akapita na tangazo. Wakimbizi wote waliohifadhiwa majumbani wajiandikishe. Malori yatakuja Jumanne kuwapeleka kambini, upande wa Kasulu. Jioni ile Melania alinifuata jikoni. Tangu aje hakuwahi kunifuata popote.

"Mama," alisema, "sisi tutaenda. Mtoto ubaki naye."

"Nibaki naye mpaka lini?"

"Ubaki naye. Kwako ataishi."

Ningekuwa mtu mwema ningemkemea palepale. Sikumkemea. Moyo ulinidunda mpaka nikaogopa ataona kanga ikichezacheza. Nilimwambia nitafikiri, na usiku mzima nilikuwa nimeshafikiri. Asubuhi nilikwenda kwa mama mmoja mwenye ng'ombe, nikamuuliza habari za maziwa, bila kumwambia ni ya nani. Nilimchagulia jina, Shadya. Nililisema peke yangu nikichambua mchele, na lilinikaa vizuri mdomoni.

Asubuhi ya siku ya pili yake nilikuwa namkanda Melania mgongo, mtoto yuko barazani kwenye mkeka. Akaamka akaanza kulia. Sikuharakisha, maana kulia kidogo si kufa. Ndipo nikaona kitenge alichojifunga Melania kifuani kinalowa, pande zote mbili, maziwa yanashuka mpaka kwenye mkaja. Alikuwa kanipa mgongo, uso ukutani, hata bega halikutikisika. Ila kifua chake kilikuwa kimemsikia mtoto kabla yangu.

Ukikanda watu miaka thelathini unajua kinachosemwa na mwili. Mwanamke asiyemtaka mtoto maziwa yake hayamkimbilii namna ile. Nilijua. Nikachukua kitambaa, nikampangusa, nikaendelea na kiuno. Sikusema neno. Nalitaja hili kwa sababu ndilo linalonitia haya mpaka leo, kuliko lile kosa lenyewe.

Jumamosi Gervasi alirudi mapema, dagaa walikuwa wachache. Nilimwita tukakaa kwenye ngazi ya mlango wa uani, nikajifanya nataka tu kujua kama na yeye karidhia. Mtu mwenye akili huuliza mapema, wasije watu wakasema mwanamke wa Ujiji kaiba mtoto wa wakimbizi.

"Mimi sikutaka," alisema Gervasi. "Lakini Melania anasema hata wewe Mama umeshaona."

"Nimeona nini?"

"Kwamba mikono yake haifai kwa mtoto. Anasema ulimwambia siku ya kwanza, bila yeye kukueleza kitu. Anasema wewe ni mtu wa kazi hii, ulimtazama tu ukajua."

Nilitaka kusema si kweli. Lakini nilikuwa nimesema.

Akanieleza basi yale ambayo sikutaka kuyachokonoa. Boti waliyopanda alfajiri ilikuwa ya wazi, imejaa, na mvua ilianza wakiwa katikati. Feliksi alikuwa na homa ya siku nne, tangu msituni walikojificha. Akaanza kutetemeka. Melania akampakata, akamvua nguo mbichi, akamweka ndani ya kitenge chake na kuanza kumsugua. Miguu, mgongo, kifua, mikono, anarudia tena miguu. Watu walimwambia apumzike, wakasema watampokea. Akakataa. Alimsugua asubuhi ile yote mpaka boti ikafika Kigoma, na alikuwa akisema anapata joto, anapata joto. Waliposhuka, mwanamume mmoja alimpokea mtoto ili yeye akanyage chini, ndipo ikaonekana Feliksi amekuwa maiti muda mrefu.

"Tangu siku hiyo anasema alikuwa anamtoa roho kwa mikono yake," alisema Gervasi. "Nilifikiri akizaa itapita. Halafu ukamwambia yale."

Nilimkasirikia. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia, ana mdomo wa nini. Alinijibu kwa upole kwamba sikumuuliza, na ilikuwa kweli, na hiyo ikanikasirisha zaidi. Nikaingia ndani nikafoka na masufuria. Nikamkasirikia Melania, mtu mzima anayeshindwa kuuliza maana ya jambo. Nikamkasirikia bibi yangu, Mungu amrehemu, kwa kuacha maneno makavu namna ile. Nilipomaliza watu wote, nilibaki mimi na mchele wangu.

Mngedhani nilitoka mbio kwenda kumwambia ukweli. Sikutoka. Jumamosi ile jioni nilipiga hesabu ya siku, nikaona Jumanne haiko mbali. Sikutakiwa kuiba wala kusema uongo. Nilitakiwa kukaa kimya Jumapili na Jumatatu, na mtoto angekuwa Shadya wa Ujiji, mwenye nyumba ya bati na maziwa ya ng'ombe, badala ya mtoto wa hema. Nilijiambia hivyo: namwokoa na hema. Jumapili nilikaa kimya kutwa. Nilikuwa mkimya mpaka jirani akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu asubuhi nilimlaza mtoto miguuni kama kawaida. Nikampaka nyayo, nikapanda mapajani, nikafika tumboni. Akanitazama. Alikuwa ameshaanza kutazama vizuri siku zile. Halafu akatabasamu, si kule kuchezesha mdomo kwa gesi wanakokuita kucheka na malaika. Tabasamu zima, macho yakaingia ndani, fizi zote nje.

Kila mtu mtoto anapotabasamu mara ya kwanza huita mtu aje aone. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Hapo ndipo nilipogundua kwamba wa kuitwa alikuwa mmoja tu, na alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, uso ukutani.

"Melania," nilisema, "geuka uone mwanao anacheka."

"Oya, Mama," alikataa bila kugeuka. "Nisiangalie. Nitashindwa kuondoka."

Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini hali chakula fulani. Nilikaa na mtoto miguuni, mafuta yanapoa mkononi, na nikashindwa. Sijui mtu anayeweza kuendelea baada ya hapo, na kama yupo simtaki anikande hata kidole.

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba neno lile ni la wazazi wote, kwamba namwambia hata mke wa shehe, kwamba maana yake ni pumzika. Nilimwambia sikuona chochote kwenye mikono yake. Nilimwambia pia Gervasi kanieleza, na kwamba mtoto mwenye homa ya siku nne, kwenye boti ya wazi, mvuani, hata mikono ya malaika isingemwokoa. Na kwamba kama Feliksi alisikia chochote mwishoni, alisikia anashikwa na mama yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Unasema hivyo kwa huruma, Mama."

Mimi watu wakiniambia nina huruma nachukia, maana ni kunisingizia. Nikamwambia, "Njoo hapa."

Nilimweka mtoto kwenye mkeka, nikaweka kibati tena kwenye makaa. Nikavua kanga ya juu, nikampa mgongo. Bega langu la kulia ni bovu tangu zamani, kazi hii ina gharama zake.

"Nikande mimi. Mimi ni mzee, roho yangu iko karibu kutoka, hainasi sana. Ikitoka, Gervasi atawaita majirani, na wewe utakuwa umesema kweli. Isipotoka, tutazungumza."

Alikataa. Nikasema sitoki hapo na sivai, na mwenyekiti akija na orodha yake atanikuta hivi hivi. Halafu nikasikia anatia vidole kwenye mafuta.

Mkono wa kwanza ulinigusa kama nzi. Nikamwambia mimi si yai. Ukaja tena, kiganja kizima, kikavu cha mtu aliyelima, chenye joto. Alikuwa anajua. Nilistuka jinsi alivyokuwa anajua. Kidole gumba kilikwenda moja kwa moja kwenye fundo la bega na kukaa hapo, kikingoja lilegee. Hakufundishwa na mimi, huyo alimkanda Feliksi tangu kuzaliwa. Akakanda, nami nikawa napumua kwa sauti makusudi, asikie. Sijui tulikaa muda gani. Miaka mingi nilikuwa nimekanda nyumba za watu wote, na hakuna aliyewahi kunigusa bega hilo tangu mume wangu afe. Machozi yalinitoka, nami nayasema kwa sababu yalinitoka.

"Bado niko?" nilimuuliza.

"Ego, Mama."

"Basi mchukue mtoto."

Alinyoosha miguu kama alivyoniona nikifanya siku zote zile. Nilimwekea mtoto juu ya miundi yake na kurudi nyuma nikakaa. Aliweka kiganja kwenye unyayo. Mtoto akaukunja mguu, akakunja uso, akaanza kulia. Haikuwa mikono aliyoizoea. Melania akaondoa mkono haraka kama aliyeungua, akanitazama.

Mwili wangu mzima ulinyanyuka. Mtoto yule alikuwa ananiita mimi, nilijua, na yeye alijua. Ningemshika angenyamaza palepale, na Jumanne ingekwenda nilivyotaka. Nikaikalia mikono yangu. Naam, niliiweka chini ya mapaja yangu nikaikalia, mtu mzima na mvi zangu.

"Anauliza wewe ni nani," nilisema. "Mjibu."

"Analia."

"Feliksi hakuwahi kulia? Mjibu."

Aliurudisha mkono kwenye unyayo. Mtoto alilia. Alilia kwa muda ambao mimi nilikuwa nahesabu pumzi. Melania hakusugua, aliuacha tu mkono pale, umeufunika mguu wote mpaka kwenye kifundo. Halafu nikamsikia anasema kitu, chini chini, kwa Kirundi. "Hora, kibondo. Hora, hora." Nyamaza, mtoto. Sijui kama alijua anasema. Maziwa yalikuwa yameshalowanisha kitenge, na yeye mwenyewe yanamtoka machozi na kamasi, hakuna mkono wa kujifutia. Mguu ukalegea. Nikauona ukilegea, na Melania akauona. Akapanda mapajani. Alipofika tumboni mtoto alikuwa na kwikwi tu, na alipomkunja magoti akajamba kwa sauti ya mtu mzima.

Melania akacheka, na mimi nikacheka. Nikatoka nje nikaenda nyuma ya choo, nikalia peke yangu kwa wivu. Sina jina lingine la kukipa kile kilio.

Jumanne malori yalisimama kwenye uwanja karibu na soko, yamejaa magodoro na masufuria na watu wanaoitana. Niliwasindikiza nikiwa nimembeba mtoto, kwa sababu Melania alikuwa na furushi kichwani. Gervasi alipanda, akapokea vitu. Melania akapanda akivutwa mkono. Dereva aliwasha injini. Mtoto alikuwa amelala kwenye bega langu lile bovu, pumzi yake inanigusa shingoni, na watu walikuwa wengi, wanasukumana kati yangu na lori.

Nilichelewa. Sitasema nilisukumwa. Nilisimama pale nilipo, miguu yangu haikwenda, na nikafikiri: lori hili likianza kwenda, hakuna atakayenilaumu.

Melania aliniona nimesimama. Alikuwa juu kabisa, kati ya magodoro. Hakuita, hakunyoosha mkono. Alipanda ubavu wa lori akashuka chini, kitenge kimenasa kwenye kipande cha chuma kikachanika, akapenya watu kwa viwiko mpaka akafika mbele yangu. Mtu aliyekuwa hawezi kuniangalia zaidi ya nukta moja, aliniangalia usoni, bila shukrani na bila adabu, kama mama yeyote anavyomwangalia mtu anayekaa na mtoto wake muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

"Mama," alisema, "nipe mwanangu."

Alishamshika kabla sijanyoosha mikono, kiganja kimoja kisogoni, kimoja makalioni, vizima vyote viwili. Nikamwachia.